Bei Iliyoandikwa kwenye Blanketi

Joram huziba boti pale Dunga, ufukweni Kisumu. Boti ikizeeka mbao zake huachana, na maji huanza kuingia polepole bila mwenyewe kujua, mpaka siku anaona miguu imelowa. Hapo ndipo tunaitwa. Joram husokota pamba kama kamba nyembamba, huisukuma ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo ndogo, na mimi namfuata nyuma na lami. Tumefanya kazi hiyo pamoja miaka mingi. Winny, mtoto wake wa kwanza, alikuwa akitambaa mchangani tulipoanza, na sasa yuko sekondari.

Si mtu wa maneno. Akiulizwa bei ya kuziba boti, anaangalia ubao, anaangalia ziwa, halafu ananiangalia mimi ili nijibu. Na mimi pia si msemaji. Kwa hivyo wenye boti wanatulipa wanachotaka, halafu wanatusifu kwamba sisi ni watu wazuri.

Sokoni ni vilevile. Kila mtu anajua kwamba katika soko la Kibuye muuzaji huanza juu ili mnunuzi apate pa kushukia. Ukitajiwa mia nane, unacheka, unasema mia mbili, yeye anashika kichwa kama aliyefiwa, na safari inaanza. Joram hawezi safari hiyo. Siku moja alitaka suruali ya mitumba. Mama muuzaji akasema mia nane. Joram akanyamaza, akaitazama suruali. Mama akaona ukimya ule mrefu, akaogopa, akasema basi lete mia saba. Joram bado ananyamaza. Mia sita. Joram akatoa mia sita, akashukuru, akarudi nyumbani akijiona amepata kweli. Mkewe Lornah akaigeuza ile suruali ndani nje.

"Mia sita? Baba Winny, hii ni ya mia mbili na hamsini. Ukitumwa Kibuye unarudi na bei ya Nairobi."

Lornah mwenyewe huenda jioni, saa za fagia, wakati wauzaji wanamwaga nguo za mwisho chini kila moja hamsini. Anachambua, anatania, anatukana kidogo, anarudi na mfuko umejaa. Tangu ile suruali hamtumi mumewe tena sokoni, na Joram hajawahi kulalamika.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe wake, maana bila hiyo hutaelewa kilichomtokea.

Mama yake Lornah anaitwa Mama Akello, wa Pap Onditi. Ni mwanamke wa soko. Ameuza mtama na mahindi tangu ujana, na wanasema hapo kwao kwamba hakuna gunia lililompita bila kushuka bei. Lakini kwa Joram yeye ni maro, mama mkwe, na kwetu mkwe na maro wana heshima yao. Hawaketi karibu. Hawali pamoja. Maro hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Na juu ya yote, mmoja hamuoni mwenzake akiwa uchi.

Mwaka aliozaliwa Winny, Mama Akello alikuja Dunga kumwona mjukuu. Lornah akamleta kwa njia ya ufukweni. Joram alikuwa amemaliza kazi, anaoga pembeni ya matete, hana habari. Mama alipomwona tu, hakupiga kelele wala hakukimbia. Aligeuka. Akasimama ameyatazama matete kama mtu anayesoma tangazo, mikono ameifunga nyuma, mpaka Lornah alipomwambia, "Mama, amevaa." Ndipo akageuka, akamsalimu mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Hakulitaja jambo lile tena. Lakini Joram kwa wiki nzima hakuweza kuinua uso. Alikuwa akiziba boti huku masikio yamemwiva.

Mwaka huu Mama Akello aliletwa Kisumu kutolewa mtoto wa jicho. Alilala Nyalenda kwa mdogo wake. Jicho moja likafanyiwa kazi, likafunikwa kwa plasta nyeupe, akaambiwa lile la pili atarudi baadaye. Alikuwa arudi kwao siku ya Jumamosi. Jumamosi ni siku ya wateja wengi wa samaki, na Lornah anakaanga samaki, hawezi kutoka kwenye jiko.

"Utamsindikiza wewe mpaka steji," alimwambia mumewe. "Na usimwache aende mikono mitupu. Huko kwao usiku ni baridi, na blanketi lake nimeliona. Ukilishika unaona mkono wako upande wa pili."

Joram akakubali. Tena alikubali kwa furaha. Tangu aoe hajawahi kumpa mama mkwe kitu cha maana kwa mkono wake mwenyewe. Ng'ombe walipelekwa na wazee. Sukari na sabuni hupelekwa na Lornah. Hii ingekuwa mara ya kwanza, na alitaka iwe kitu kizuri.

Lakini kununua wapi? Kibuye kuna mablanketi mengi. Ila Kibuye lazima upatane bei, na utasimamaje mbele ya maro ukibishana juu ya zawadi yake? Utasema, "Punguza, hii ni ghali," naye anasikia? Hiyo ni kama kumpimia yeye mwenyewe thamani. Na asipobishana, pesa haitatosha. Akawaza hayo siku mbili, pamba mkononi.

Siku ya tatu alikuja kazini anatabasamu. Alikuwa amepita mjini kununua misumari, akaona supamaketi moja imeweka tangazo kubwa mlangoni: mablanketi yote, punguzo asilimia thelathini. Chini yake: wenye kadi ya duka, asilimia ishirini zaidi. Na Lornah ana kadi ya duka lile.

"Unaona uzuri wake?" akaniambia. "Wao wamepunguza wenyewe. Imeandikwa. Hakuna mtu wa kuongea."

Nilimwelewa sana. Duka ambalo linabishana kwa niaba yako, wewe umenyamaza tu, ni duka letu.

Akachukua msumari, akachora kwenye ubao wa boti tuliyokuwa tunaiziba. Blanketi alilolipenda ni elfu nne. Asilimia ni kwa kila mia, hilo tulifundishwa darasa la saba na tunalikumbuka wote wawili. Kila mia inatoka thelathini. Halafu ishirini zaidi. Thelathini na ishirini ni hamsini. Kila mia inabaki hamsini. Yaani nusu. Elfu mbili.

"Elfu mbili," akasema.

"Elfu mbili," nikasema.

Hakuna aliyeona kosa. Sisi tumekua katika nyongeza. Ukinunua omena, dagaa wa ziwa, hapa Dunga, mama anajaza kopo la gorogoro mpaka linafanya kilima, anamimina kwenye mfuko wako, halafu anachota konzi moja ya nyongeza, anaitupia juu. Vyote viko mfukoni mwako. Hakuna anayekwambia kwamba konzi ile imehesabiwa kwa namna nyingine. Zaidi ni zaidi.

Jumamosi akavaa shati lake la kanisani. Mfuko wa shati aliweka elfu mbili ya blanketi. Mfuko wa suruali aliweka mia nne: mia mbili nauli ya mama, mia mbili ya kilo ya sukari na mkate. Yeye mwenyewe angerudi kwa miguu, kwake si mbali. Simu alimwachia Lornah, maana ya Lornah betri yake imekufa na wateja wa samaki siku hizi hulipa kwa simu.

Akamkuta Mama Akello Nyalenda, amejifunga leso, jicho lake moja jeupe kwa plasta na lingine likitazama kila kitu. Wakatembea, mama mbele, mkwe nyuma hatua chache, kama inavyofaa.

Dukani Joram alimwonyesha rafu ya mablanketi, akasimama mbali.

"Mama, chagua lile unalopenda."

Mama akapita akigusa moja moja. Hakuangalia rangi, alikuwa hajaliamini jicho lake. Aliliweka kila blanketi shavuni. Mwisho akafika kwenye lile lile la elfu nne ambalo Joram alilitaka, la rangi ya udongo, zito, lenye manyoya laini. Akaliweka shavuni, akaliacha hapo muda mrefu.

"Hili lina joto kama mtu," akasema.

Joram aliniambia kwamba hajawahi kusikia neno tamu kama hilo. Aliliweka blanketi kwenye kikapu yeye mwenyewe, akachukua sukari, akachukua mkate, wakaenda kaunta. Laini ilikuwa ndefu. Nyuma yao alikuwepo mama mmoja na unga wake, na nyuma yake vijana wawili wenye soda.

Keshia alikuwa msichana mdogo, jina lake Sylvia limeandikwa kifuani. Akapitisha blanketi, mashine ikalia. Akapitisha sukari. Akapitisha mkate. Joram akampa kadi ya Lornah, Sylvia akaipitisha pia.

"Elfu mbili mia nne arobaini, Mzee."

Joram alikuwa tayari ameitoa elfu mbili na ile mia mbili ya sukari na mkate. Akaziweka juu ya kaunta. Sylvia akahesabu, akasubiri.

"Bado mia mbili arobaini."

"Umepitisha kadi?" Joram akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimepitisha."

"Na ile ishirini?"

"Imetoka, Mzee. Hata hapa imeandikwa."

"Kwa sababu," Joram akasema, na hapo alianza kutoka jasho, "thelathini na ishirini si ni hamsini?"

Sylvia hakuwa msichana mbaya. Joram mwenyewe husema hivyo kila mara. Alichukua kalkuleta, akaigeuza ili Joram aone.

"Thelathini inatoka kwanza. Elfu nne inakuwa elfu mbili mia nane. Sawa? Sasa ishirini haitoki kwa elfu nne. Inatoka kwa ile imebaki. Ni mia tano sitini. Inabaki elfu mbili mia mbili arobaini. Halafu sukari na mkate, mia mbili."

"Lakini mmeandika zaidi."

"Ni zaidi, Mzee. Zaidi ya ile imebaki."

Mmoja wa vijana akacheka. "Mzee anataka kupatana! Mzee, hapa si Kibuye!"

"Mwambie akupatie na nyongeza ya mkate," mwenzake akasema.

"Nyinyi, zibeni midomo," mama mwenye unga akasema, lakini na yeye alikuwa anaangalia saa yake.

Joram alitazama zile tarakimu. Aliziona, akaona ni kweli. Hapo ndipo, aliniambia, aibu ilipomshika hasa. Kama wangekuwa wamemwibia, angekuwa na hasira, na hasira humsimamisha mtu wima. Lakini hawakumwibia. Ni yeye aliyejihesabia vibaya, na alihesabu akiwa amejiamini.

Alikuwa na mia mbili nyingine mfukoni, ile ya nauli. Akiongeza hiyo bado arobaini. Kulirudisha blanketi na kuchukua jingine dogo la bei rahisi ilikuwa njia. Lakini mama alikuwa ameliweka shavuni. Mkono ukishatoa kwa maro hauwezi kurudi kuchukua.

Akasema, "Ondoa sukari. Na mkate."

Sylvia akabonyeza, mashine ikakataa. Kumbe kuondoa kitu si kazi ya keshia, lazima aje mkubwa wake na ufunguo. Sylvia akainua shingo, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye rafu za sabuni:

"Supavaiza! Kaunta tatu! Kuna mzee anarudisha vitu!"

Watu wa kaunta mbili na kaunta nne wakageuka kumwona mzee anayerudisha vitu.

Joram hakuthubutu kugeuza uso upande wa mama mkwe. Lakini jicho lina ukaidi wake. Akamtupia jicho kwa pembeni, na alichokiona hakijamtoka mpaka leo. Mama Akello alikuwa amegeuka. Alimpa mgongo yeye na kaunta na zile noti zilizotandazwa. Amesimama wima, mikono ameifunga nyuma, anaitazama rafu ya betri na viberiti kama mtu anayesoma tangazo.

Vile vile alivyosimama mbele ya matete.

"Nikajua," Joram aliniambia, "kwamba niko uchi."

Supavaiza akaja na ufunguo, hana haraka. Sukari ikaondolewa, mkate ukaondolewa, vikawekwa pembeni ya kaunta ambapo kila aliyefuata angeviona. Joram akaongeza mia moja kwenye zile elfu mbili na mia mbili, akarudishiwa sitini. Akazitia mfukoni pamoja na ile mia iliyobaki. Risiti akaikunja ndogo sana. Kisha akasimama, hajui afanye nini, maana mama bado amempa mgongo na hakuna Lornah wa kusema amevaa.

Ikabidi akohoe.

Mama Akello akageuka. "Ah, mmemaliza?" akasema. "Mimi nilikuwa naangalia betri. Betri za siku hizi ni ndogo."

Wakatoka. Joram amebeba blanketi kichwani, na chini ya blanketi anapiga hesabu nyingine. Nauli ni mia mbili. Yeye ana mia moja na sitini. Steji haiko mbali, na kila hatua inamsogeza kwenye aibu ya pili. Hapo si mashine tena, ni kondakta, na kondakta hana kalkuleta ya kukuonyesha kwa upole. Itabidi yeye Joram, asiyeweza kushusha bei ya suruali, ashushe bei ya nauli mbele ya maro. Alifikiria kusema ameangusha pesa. Alifikiria kumwomba mama angoje, akimbie mpaka Dunga na kurudi. Akaendelea tu kutembea.

"Pap Onditi! Pap Onditi mia mbili!" kondakta alikuwa anaita. "Mama, panda, kiti cha mbele kipo. Mzee, leta huo mzigo."

Joram akafungua mdomo. Mama Akello akawahi.

"Mia mbili ya nini?"

"Ndiyo bei, Mama. Mia mbili."

"Kijana, niangalie. Nina macho mangapi?"

Kondakta akamtazama, akaona plasta. "Mama, pole. Moja."

"Basi nusu ya barabara sitaiona. Utanilipisha yote?"

Waliokuwa ndani ya gari wakaangua kicheko. Kondakta mwenyewe akacheka, akaegemea mlango.

"Haya, kwa sababu ya jicho, mia na themanini."

"Mia."

"Mama! Hata mafuta haitoshi! Na hiyo blanketi inataka kiti yake!"

"Blanketi nitalipakata kama mjukuu. Mjukuu analipa?"

"Mia na sabini, basi. Panda, Mama, unanimaliza."

"Mia na ishirini. Mimi ni wa soko, usinizungushe. Ulizia Pap Onditi nani Mama Akello."

"Mia na hamsini! Ya mwisho! Chini ya hapo njoo uendeshe wewe!"

Kondakta alikuwa amelegea, kila mtu aliona. Mama Akello angeendelea kidogo tu angeipata kwa mia na thelathini. Mwanamke ambaye hajawahi kukubali bei ya katikati maisha yake yote akasema, "Sawa," akapanda.

Joram akalipa mia na hamsini. Akabaki na shilingi kumi.

Alisimama pale mpaka gari likaondoka, na ndipo hesabu ikamfikia. Mama alikuwa amegeuza mgongo, lakini masikio hayana mgongo. Alikuwa amesikia kila kitu: elfu mbili na mia mbili juu ya kaunta, mia ikiongezwa, sitini ikirudi, na alijua ni nauli ya mia mbili iliyomegwa. Alijua kilichobaki mfukoni mwa mkwe wake karibu kama yeye mwenyewe. Alishusha bei mpaka pale ambapo mkwe wake anaweza kufika, akasimama hapo, asimwache aonekane mbele ya watu. Lakini kwa kumvisha hivyo alimwonyesha pia kwamba ule uchi aliuona.

Joram alitembea mpaka Dunga. Lornah akamuuliza, "Mama amelipenda?" Akasema, "Amelipenda." Akamuuliza, "Na sukari?" Akasema, "Sukari nimesahau." Lornah akamwangalia, akageuza samaki wake.

Mimi aliniambia kidogo kidogo, kwa siku nyingi, tukiwa tumeinama kwenye boti ambapo hatuonani uso. Siku moja tulikuwa tunachota maji kutoka kwenye boti moja kubwa kabla ya kuiziba. Joram akachota, akasimama na kopo mkononi.

"Tazama," akasema. "Ukichota mara ya pili, unachota yaliyobaki. Si yale ya mwanzo. Yale ya mwanzo umeshayamwaga." Akatazama maji. "Nimefanya hivi maisha yangu yote."

Akaendelea kuchota. Mimi pia nimechota maji maisha yangu yote, na mimi pia nilisema elfu mbili.

Jicho la pili la mama lilipopona, familia ikafanya maombi ya shukrani Pap Onditi. Mkwe haendi ukweni peke yake, kwa hivyo nilienda naye. Alikuwa ameshona kifungo cha shati na kunyoa vizuri. Njiani alikuwa sawa. Tulipoingia ndani na kuketi upande wa wageni, niliona amekuwa wa rangi ya majivu.

Blanketi lilikuwa limetandazwa juu ya kiti kirefu cha sebuleni, mahali pa heshima, kama kitambaa cha madhabahu. Na pembeni yake, kwa uzi mweupe, karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia. Elfu nne. Bei ya punguzo iliandikwa mlangoni na kwenye rafu tu. Kwenye karatasi ilibaki ile ya mwanzo.

Akina mama wa kanisa walikuwa wameshaisoma. Mmoja baada ya mwingine alipita, akalishika blanketi, akaigeuza karatasi, akamtazama Joram kwa heshima mpya. Kaka yake Lornah, Odongo, mtu wa sauti kubwa, akasimama katikati ya chumba.

"Shemeji! Elfu nne! Mimi nilimwambia Lornah zamani, huyu mtu ananyamaza lakini moyo wake unaongea! Watu mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Joram akatazama viatu vyake.

Mama mmoja mzee, jirani, ambaye inaonekana na yeye alikuwa mtu wa soko, hakutosheka. "Lakini orwa," akamwita, yaani mkwe wetu, "elfu nne kamili? Hawakukutolea hata kidogo? Hata mia?"

Chumba kikangoja. Nilimwona Joram akiinua kichwa. Namjua. Hawezi kusema uongo, ndiyo maana husema kidogo. Nilijua anaitafuta ile elfu mbili mia mbili arobaini, na anajua kwamba akiitaja atakuwa ametaja bei ya zawadi ya maro mbele ya maro, na watu watauliza ilikuwaje, na itabidi aeleze thelathini na ishirini. Midomo yake ikaanza kufunguka.

Mama Akello alikuwa ameketi ng'ambo, mbali naye, macho yake mawili sasa yamefunguka na ni makali.

"Bei ni ile iliyoandikwa," akasema.

Kisha akainuka, akalinyoosha blanketi, na ile karatasi akaiweka juu vizuri isijifiche.

Mama mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. "Basi nitamwambia mkwe wangu wa Ahero. Yeye kila mwaka ananiletea sabuni. Nitamwambia kuna wakwe wanaoleta blanketi la elfu nne, na hawaombi kupunguziwa."

Watu wakacheka, chakula kikaletwa. Joram alikula vijiko viwili vitatu. Nilimtazama mama mkwe wake nione kama anatabasamu. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anaangalia upande mwingine, nje ya dirisha, mpaka mkwe wake alipomaliza kunawa mikono.

Jioni tulitembea kwenda steji. Njia ina vumbi, na tulikuwa tumeshalipita kanisa.

"Huyo mkwe wa Ahero," Joram akasema. "Atanunua kwa elfu nne."

"Labda."

"Mtu angemwambia kwamba kuna ofa. Na ajue jinsi ya kuihesabu."

"Nani atamwambia?"

Joram akafikiri. Tulikuwa tumefika karibu na steji, na kondakta alikuwa ameshatuona, anatupungia mkono.

"Si mimi," akasema.

Kondakta akaita mia mbili. Tukalipa mia mbili kila mmoja, tukapanda.